Siku ya Majina katika Baa ya Kondoo Dume

Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Leo kimenuka kwenye klabu yetu ya vitabu. Broadbent, mmiliki mpya wa baa, amepanda juu na futi mkononi, hata salamu hakuna. Anasema chumba chetu anakitaka, atakifanya cha kulala wageni. Wageni gani waje kulala Huddersfield mwezi wa kumi? Lakini baa ni yake. Akasema tusiogope, chumba cha nyuma kando ya jiko tutapewa bure kila Alhamisi. Bure! Hapo hapo nikajua kuna kitu. Mimi nimezaliwa Yorkshire, neno hilo nimelisikia kwa mapadri tu.

Kitu chenyewe ni hiki: anataka rafu moja ya vitabu vyetu. Si kusoma — huyo hata menyu yake anasomewa. Anataka kupamba ukuta wa sebule ya baa. Katuonyesha kipande cha mfano. Ee Mungu! Kachukua vitabu vya sheria mahali fulani, kavikata kwa msumeno, kabakiza migongo na vidole viwili vya karatasi, kisha kaibandika ubaoni kwa gundi. Ukiwa mbali unaona maktaba ya bwana mkubwa. Ukisogea unaona bucha. Yaliyobaki anawashia moto.

Chumba cha nyuma kinaingia rafu moja tu. Sisi tunazo mbili: Roketi na Panga. Ndivyo tunavyoziita tangu klabu ianze. Roketi ni riwaya za kisayansi — vyombo vya anga, sayari, mashine zenye akili. Panga ni zile ndefu za wafalme na majoka na misitu inayosema, juzuu tisa na ramani mbele. Moja itabaki nasi. Nyingine itakwenda kwa msumeno.

Ndipo Crabtree, mwenyekiti wetu — ana duka la kompyuta na masharubu ambayo hayajaamua kama yaote au yasiote — akasema basi mwaka huu Siku ya Majina, tarehe mbili Novemba, ndiyo iamue. Makofi! Nani asimame upande wa Roketi? Wote wakanigeukia. Sasa wangemgeukia nani? Rod Sugden! Nimeendesha lori mpaka Istanbul, nimelala Zagreb, nimepigana Hamburg nikashinda (karibu), na kwenye kila foleni ya mpakani nilikuwa na kitabu cha roketi juu ya usukani. Shule niliiacha na miaka kumi na tano. Kusoma kwa kweli kweli nilijifunzia ndani ya lori.

Upande wa Panga: Enid Haigh. Bila shaka. Mwalimu wa Kilatini mstaafu, umri wa mama yangu, ulimi wa wembe. Rafu ya Panga waliianzisha yeye na marehemu Maurice, mumewe. Vitabu walivileta kwa kigari cha mtoto, walichokinunua mapema mno kwa ajili ya mtoto ambaye hakuja.

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Dereva, nitakuzika tena. Safari hii vaa soksi safi."

Watu wakacheka hadi bia ikamwagika. Nami nikacheka. Ningefanyaje?

Jumapili, 6 Oktoba

Ndiyo, mwaka jana alinizika. Bado inauma.

Siku ya Majina ni hivi: wawili wanasimama, mmoja wa Roketi, mmoja wa Panga. Kila mmoja anasifu vyake na kuchuna ngozi vya mwenzake. Baada ya hapo maswali matatu kwa kila upande, na kila swali ni jina. Jina kutoka vitabu vyako wewe mwenyewe unayeulizwa. Ukikosea moja tu, kengele inalia, umekufa. Sisi ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kusahau siku aliyooa, tukamsamehe. Akisahau jina la fundi wa pili wa chombo ambacho hakijawahi kuwepo, huyo si mtu.

Ukifa unavuliwa viatu, unalazwa juu ya meza ya biliadi, unafunikwa kitambaa cha meza hadi kidevuni. Wote wanapita mmoja mmoja, kila mtu anakuaga kwa neno baya. Maiti haicheki, haijibu.

Mimi nilikosa jina la mpishi katika *Miaka Tisini ya Giza*. Kitabu changu mwenyewe! Nilichokisoma hadi jalada likatoka! Enid akanisimamia pale mezani, akakunja mikono kama padri: "Hapa amelala Rodney, aliyezunguka dunia nzima bila kushuka kwenye lori."

Wengine walisema ya soksi na ya tumbo, hayo niliyasahau kabla sijavaa viatu. Hili limenikaa mwaka mzima.

Kwa hiyo naanza kusoma Biblia yake, *Taji la Chumvi*, juzuu ya kwanza. Nataka kujua pa kuchoma.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemaliza juzuu ya kwanza. Kurasa mia sita za watu wanaotembea! Wakichoka wanaimba. Wakimaliza kuimba wanatembea. Kuna mlima wanauona mwanzo kabisa, wanaufikia kitabu kikiisha. Mimi na lori langu ningewashusha pale kabla ya chakula cha mchana.

Sumu imepatikana, nyingi. Kwao hakuna mtu anayekwenda chooni. Jeshi zima, hata kichaka! Kwetu kuna sura kamili inayoeleza jinsi mkojo wa wanaanga unavyochujwa ukarudi kuwa chai. Hiyo ndiyo heshima kwa msomaji. Kwao kila kizuri kimeshapita: panga bora zilifuliwa zamani, wafalme bora wamekufa, hata miti inalalamikia siku hizi kama wazee wa baa. Kwetu kizuri kiko mbele. Kimechelewa, injini imekufa, kapteni amerukwa na akili, lakini kiko mbele. Tena kwao mwana wa mfalme ni mwana wa mfalme hata akiwa zuzu. Kwetu zuzu anafungua mlango asioujua, anavutwa nje angani, kwisha habari yake.

Nitamchinja bibi huyu.

(Yule farasi wa mfalme lakini, Bramblin, anaposimama katikati ya mto na kukataa kumwacha bwana wake... Moshi wa sigara uliniingia machoni. Hilo halitoki humu.)

Alhamisi, 10 Oktoba

Klabu imejaa leo, harufu ya damu imeshawafikia. Nikajaribu ile ya choo. Imepokelewa! Bwana mmoja aliegemea ukuta akilia.

Enid alisubiri wamalize. Akanyoosha kidole. "Dereva, ninyi watu wa roketi mnajua mkojo unakokwenda, ila mtu hamjui anakwenda wapi. Kwenu mtu akifa hamchimbi kaburi, mnafungua mlango. Anatupwa nje kama maganda ya viazi, na mwenzake anaandika ripoti. Kwetu mtu akifa, hata adui yake analijua jina la mama yake."

"Oooo!" chumba kizima.

Akaongeza kwamba kwetu watu wanaondoka nyumbani ili wasahau, kwao wanatembea juzuu tisa ili wakumbuke walichoahidi. Nikasema bora wangefunga fundo kwenye leso la kuwakumbusha, wakalala. Nikapata kicheko changu. Sare.

Mazungumzo yakaenda kwenye pai na mpira. Crabtree yuko katikati ya kutangaza bahati nasibu, Enid akanyoosha kidole. "Dereva, ninyi watu wa roketi mnajua mkojo unakokwenda, ila mtu hamjui anakwenda wapi..." Yote! Neno kwa neno, hadi maganda ya viazi, hadi pale alipovuta pumzi.

Wamecheka kuliko mara ya kwanza. "Kakupiga ngumi ile ile mara mbili, Sugden, na bado hukukwepa!" Crabtree huyo.

Kweli ilikuwa kali. Mbinu ya kizee. Ila yeye mwenyewe alikitazama kicheko kile kama mtu aliyeletewa kifurushi kisicho chake.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimempelekea Enid pai ya nyama na figo. Nampelekea kila Jumapili tangu Maurice alipofariki. Klabuni hawajui. Wakijua tumekwisha sote wawili, heshima yetu yote ni ya kutukanana.

Paka wake anaitwa Bramblin. Kumbe ni yule farasi! Miaka yote nilidhani ni jina la ukoo. Tumekaa mezani, paka kapanda, katia pua kwenye mchuzi. Enid akampigia kelele: "Dravo! Shuka!"

Dravo ni kapteni wangu mimi. Kapteni wa *Miaka Tisini ya Giza*, anayebaki macho peke yake chombo kizima kimelala. Nikacheka sana. "Bi Enid, mpaka paka umeshamhamisha upande? Hujuma hiyo!" Akatabasamu. Paka hakushuka. Angeshukaje, si jina lake.

Baada ya chai akanisomea juzuu ya nne, mfalme anapokata roho na chumvi kwenye ulimi. Nimesikia watu wakisoma makanisani, mahakamani, nimemsikia imamu Istanbul alfajiri. Huyu mama anawashinda. Pai yangu ilipoa, nami siachi pai ipoe.

Katikati ya mstari akanyamaza. Akainua uso. "Huyu Tharmund ni nani?"

Nikangoja mzaha. Haukuja. Uso wake ulikuwa mtupu, kama dirisha la duka Jumapili.

"Mfalme, Bi Enid."

"Mfalme." Akapapasa kitambaa cha meza. "Bila shaka mfalme. Nilikuwa nakupima, Dereva. Naona umesoma."

Akafunga kitabu bila kuweka alama alipofikia. Mwanamke aliyekuwa akichapa watoto kwa kukunja kona ya ukurasa!

Alhamisi, 17 Oktoba

Mdomo wangu huu! Laiti ungekuwa na breki.

Nimemkuta Crabtree chooni, naye ni wa Roketi kama mimi, nikamwambia afadhali Panga wapate msemaji mwingine, Enid amechoka. Amechoka vipi? Nami na bia zangu kichwani nikamweleza habari ya mfalme. Nilidhani atasikitika. Masharubu yaliwaka!

"Sugden, umeshashinda! Muulize jina la mfalme basi. Mfalme wa kitabu chake mwenyewe! Watu wataliongea hili hadi tuzeeke."

Nikamwambia mama wa watu anaumwa.

"Sote tutaumwa. Rafu ni moja." Akafunga zipu. "Na usijaribu kumbeba. Kengele ninayo mimi."

Nikamwambia masharubu yake yanafanana na kitu kilichodondoka kutoka darini. Akacheka, akanipiga begani, akatoka. Mikono hakunawa.

Na nisijidanganye: nataka Roketi ibaki. Ile nakala ya *Miaka Tisini ya Giza* iliyo rafuni ndiyo iliyokuwa nami Yugoslavia, ina mafuta ya dizeli ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Niliipa klabu nilipoacha barabara, mgongo ulipokataa. Broadbent ataikata vipande mbele ya macho yangu, kisha niwe nakunywa bia nikiutazama mgongo wake ukutani. Sitaki. Ila sitaki kwa njia ya Crabtree.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekwenda kumwambia Enid ajitoe. Njia nzima nilijipanga: umri, ngazi, baridi. Sikufika hata kwenye ngazi.

"Unaogopa," akasema.

"Siogopi, Bi Enid. Ila —"

"Ila umeona." Akakaa. "Daktari ameona. Paka ameona. Sasa na dereva wa lori naye ameona. Kabaki nani, muuza maziwa?"

Nikavuta kiti nikakaa.

Akanieleza kwa sauti ya darasani. Kumbukumbu zake ni kama ile ramani iliyo mbele ya juzuu, mtu anaifuta kwa raba, anaanzia pembeni. Milima bado anayo. Vijiji vimekwenda. Jana alitafuta jina la Maurice tangu birika ilipowekwa motoni hadi ikachemka. "Likaja. Lakini lilikuja limechelewa na halina aibu, kama wewe siku za Alhamisi."

Nikasema nitamuuliza majina mepesi. Kosa! Alisimama. Mama mfupi yule, chumba kikawa kidogo kuliko yeye.

"Ukiniuliza swali la huruma nitalijua. Akili ya kulijua bado ninayo. Na nitasema mbele ya wote: Rodney Sugden amenihurumia, kwa hiyo chukua rafu yangu, Broadbent. Umesikia? Uniulize kama unavyomuuliza mtu mzima. Na nikifa nizike sawasawa. Useme neno baya kweli kweli. Sitaki kulala pale halafu watu wapite wakisema maskini."

Nikamuuliza kama anajua vitakavyofanywa vitabu vya Maurice.

"Najua msumeno ni nini. Mimi ndiye ninayekatwa."

Halafu, nilipokuwa mlangoni: "Funga, unaniingizia baridi. Na soksi bado zinanuka."

Nimekaa garini. Funguo mkononi. Nimekaa tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Sijampelekea pai.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimempelekea pai. Hakusema kitu kuhusu Jumapili iliyopita. Sijui kama ni adabu au haikumbuki. Sikuuliza. Juzuu ya sita naimaliza kesho, naisoma kama mwizi. Mfalme ameshakufa zamani lakini kila anayekutana na mwenzake njiani analitaja jina lake kwanza ndipo wasalimiane. Ujinga. Nimeanza kuupenda.

Alhamisi, 31 Oktoba

Broadbent ameshapiga mstari wa penseli kwenye ukuta wa sebule. Amenunua meno mapya ya msumeno, anatuonyesha kama mtu aliyezaa. Kapanda na futi, akapima rafu ya Panga. Akashuka.

"Mbona hujapima ya Roketi?" nikamuuliza.

"Crabtree kaniambia nisijisumbue."

Akarudi akachomoa juzuu ya kwanza ya *Taji la Chumvi*, akaigonga mgongoni kwa kucha. Nyekundu hii itapendeza karibu na moto, anasema.

Enid alikuwa chini yake, kwenye kiti chake, na divai yake tamu. Hakugeuka. "Mpambaji, ukikata, kata polepole. Kuna farasi humo ndani."

Kicheko kikubwa. Broadbent mwenyewe kacheka, mate yakarukia kitabu. Mimi nikaitazama bia yangu. Crabtree akanitazama mimi, akajigonga kifuani mara moja, kama watu wenye siri moja.

Jumamosi, 2 Novemba. Asubuhi

Soksi safi. Suruali ya mazishi. Maswali matatu yako kichwani, magumu yote, kama alivyotaka. La tatu ni la juzuu ya saba, jina la mke wa mvuvi wa chumvi anayetajwa mara moja tu. Hata Maurice asingelijua. Hilo ni la mtu mzima.

Sijisikii kula. Yaani mimi!

Jumamosi hiyo hiyo. Mapumziko

Naandika kwenye ngazi za baa, juu ya goti. Broadbent anabadilisha pipa, Crabtree katoa nafasi ya pai. Niandike haraka.

Chumba kimefurika, wamekuja hata watu wa Halifax, mji wa jirani. Meza ya biliadi imeshatandikwa kitambaa cheupe. Msumeno Broadbent kauegemeza ukutani, chini ya rafu. Wanaona ni mzaha mzuri.

Nilianza mimi. Sikujizuia: choo, mlima, mwana wa mfalme zuzu. Nikasema kwao ramani ipo kwa sababu hakuna anayejua anakokwenda, kwetu hakuna ramani kwa sababu nyota hazikai mahali pamoja, na mwanamume anaijua njia hivyo hivyo. Nikasema kitabu cha Panga ni lori lililopakiwa jeneza moja na madereva tisa. Walipiga meza. Nilikuwa mzuri, acha niseme ukweli. Enid alinitazama kama mwalimu anayeona mtoto mbaya amepata jibu.

Akasimama yeye. Kofia nyekundu. Hakusoma popote, alisimulia tu. Kifo cha mfalme Tharmund. Jina alilitaja sawasawa, nikashusha pumzi. Chumba kikawa kimya hadi nikasikia jiko chini. Mfalme amelala, chumvi kwenye ulimi, wanawe wamekimbia wote. Anaomba mtu mmoja akae macho naye. "Na aliyekuja," akasema Enid, "ni Kapteni Dravo. Akavua kofia yake ya chuma. Akasema, mimi nimezoea kukaa macho, chombo kizima kimelala. Akamshika mkono hadi asubuhi."

Kicheko! Kilipasuka kama tairi! Wakapiga miguu. Kapteni wa Roketi ndani ya kasri la Panga! Kamteka kapteni wa Sugden, kamfanya muuguzi! Mtu wa Halifax akapiga mluzi wa vidole viwili. Walidhani ni dhihaka, ya kikatili kuliko zote alizowahi kunitupia.

Haikuwa dhihaka. Nilikuwa karibu. Aliruka kidogo kicheko kilipolipuka, akatazama huku na huku akitafuta kilichochekesha, kisha akainua kidevu na kukipokea kama chake. Mwalimu. Miaka arobaini ya darasa hiyo.

Na kitu kibaya zaidi: lilikuwa jambo zuri kuliko yote yaliyomo kwenye rafu zote mbili.

Maswali. Aliniuliza kwanza jina la mpishi wa chombo. Lile lile la mwaka jana! "Anatonesha kidonda!" wakapiga kelele. Pelk, nikasema. La pili: "Jina la farasi wa mfalme?"

Farasi wa mfalme yuko kwenye vitabu vyake, si vyangu. Crabtree akanyanyuka, kengele mkononi, swali si halali. Nikamkatiza: "Bramblin! Nimejibu. Endelea, Bi Enid." Watu wakashangilia, Sugden anajua hadi ya adui. Enid akanitazama. Sekunde hiyo alijua. Aliona kosa lake, akaona nilivyolifunika, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona hata Hamburg. La tatu akaniuliza gumu kwa makusudi, la roboti wa gereza la mwezini, nusura nife. Nikapona.

Zamu yangu. La kwanza: upanga wa babu wa Tharmund. Akanipa jina la upanga, la mfua chuma, la mbwa wa mfua chuma. Makofi. La pili: mwana wa mwisho wa mfalme. Kidole chake kikatafuta kitambaa cha meza ambacho hakikuwepo. Crabtree akainua kengele. "Yule," akasema Enid, "ambaye ungempakia nyuma ya lori pamoja na kabichi, Dereva, usione tofauti. Oswel." Sawa! Chumba kikalipuka. Mgongo wangu umelowa jasho.

Ndipo wakataka pai.

Crabtree kapita hapa sasa hivi, kashuka ngazi mbili, kaniinamia sikioni. Muulize jina la mfalme, Sugden, anasema, kashalisema mara moja, kwa hiyo akilikosa sasa itakuwa tamu zaidi. Nikamwambia anapumua vitunguu.

Limebaki swali moja. Nikiuliza mke wa mvuvi wa chumvi — namuua, kwa haki, kama alivyotaka. Rafu yangu inabaki. Namlaza mezani, namvua viatu mama wa umri ule, nasema neno baya kweli kweli. Sina neno. Miaka yote nina maneno. Nikiuliza farasi — jina nimelitaja mwenyewe mbele ya wote, kila mtu atajua ni huruma, na yeye wa kwanza. Atasema. Atatoa rafu kwa mkono wake. Halafu sina hakika hata farasi anaye bado.

Kuna jingine. Limenijia hapa kwenye ngazi. Nimuulize: nani alikaa macho na mfalme? Kitabuni hakuna mtu, Tharmund anakufa peke yake, nimesoma. Nikiuliza hivyo, atasema Dravo. Atalisema bila kutafuta. Na Crabtree atagonga kengele kwa sababu kitabuni hakuna. Au hatagonga, maana chumba kizima kimesikia na kimepiga miguu, na mtu wa Halifax atamrukia. Sijui kama swali hilo ni huruma. Linaweza kuwa la kikatili kuliko mengine yote, wote wataona anavyopotea. Au wataona nilichoona mimi.

Juu wanaburuta viti. Msumeno umeanguka, watu wanacheka.

Enid katokeza juu ya ngazi, kashika ukuta, kofia imepinda. Kaniita kwa ile sauti ya darasa: "Kapteni Dravo! Unapanda, au umelala na wewe kama wenzako?"

Nyuma yake wamecheka hadi vioo vimelia. Nami nilifungua mdomo nicheke, kwa mazoea. Kisha nimemtazama. Hatanii. Ananyoosha mkono, anataka mtu wa kumshika aingie ndani.

Nimeitika kwa jina hilo.